Samaki hageuki sumu kwa kukaa friza

Wengi hapa Mombasa husadiki kwamba samaki au nyama ikipitisha mwezi kwenye friza huwa sumu. Hutupwa, na pesa nyingine hupelekwa soko la Kongowea. Sivyo. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kuzaana, mradi samaki aliingia akiwa hajaharibika. Kinachopungua polepole ni ladha na ulaini: mafuta ya nguru huanza kuchacha, na nyama isiyofungwa vizuri hukauka na kuweka mabaka meupe. Mabaka hayo hayadhuru. Yakate, kilichobaki kitie kwenye mchuzi wa nazi.

Hatari iko kwingine, na hapa naomba tuwe makini sana. Baridi haiui vijidudu vyote, huvilaza tu. Samaki akiachwa kwenye karai tangu asubuhi, kwa joto letu hili, vijidudu huamka na kuongezeka. Jodari na nguru wana jambo la ziada: wakikaa kwenye joto hujenga histamini, kemikali inayoweza kukudhuru, ambayo haiondoki hata ukiwapika mpaka wakauke. Kwa hiyo wayeyushe usiku kucha ndani ya friji, kwenye bakuli, rafu ya chini.

Stima ikipotea, usifungue mlango. Friza iliyojaa huhifadhi baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Chakula ambacho bado kina barafu ndani kinaweza kugandishwa tena. Andika tarehe kwenye kila mfuko, na kusi inapochafua bahari na samaki kupanda bei, anza na aliyetangulia kuingia.