Mtama mweupe Dodoma: ng'oa miche, kagua doa jeusi

Wakulima wa mtama Dodoma huniuliza kwanza habari za mbegu. Sawa, Macia ni mbegu nzuri: fupi, nyeupe, hukomaa kwa takriban miezi minne, na punje nyeupe ndizo wanazotaka wanunuzi wa viwanda vya bia. Ila mimi hupenda kuanzia kwenye kupunguza miche.

Kwa hofu ya jua na wadudu, mtu anatupia mbegu gao zima kwenye shimo. Zikiota zote, anazionea huruma. Ndipo mashina yanapokuwa membamba, masuke kiganja kimoja, na unyevu unaisha kabla punje hazijajaa. Panda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kisha bakiza miche miwili kila shimo. Ekari itabeba miche kama 36,000, nayo kwa mvua za huku ni mingi vya kutosha. Ng'oa wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, ardhi ikiwa mbichi. Anza na mche ambao jani la katikati limekauka. Livute: likichomoka bila ubishi na kunuka uozo, humo mna funza wa inzi wa mtama.

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'oe kabla hakijatoa mbegu, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Kwa kuwa kiduha hustawi zaidi penye udongo uliochoka, samadi ni sehemu ya dawa. Kikizidi, panda Hakika au Wahi, mbegu za mtama zinazokistahimili.

Ubora sasa. Suke hukomaa kuanzia juu, kwa hiyo pukusua punje za chini kabisa. Tazama pale punje iliposhikana na suke. Ukiona doa jeusi, imeshashiba, haiongezeki uzito tena. Ukizidi kuuacha shambani unawalisha kwelea kwelea, na mvua ya kuchelewa ikiukuta, punje zinaota ukungu na kuwa za kijivu. Kata masuke, yaanike juu ya kichanja au turubai, kwani wakati huo punje bado zina maji mengi. Usihifadhi kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 12 au 13.

Na tafadhali, kupura juu ya udongo mtupu tuache! Mchanga hautoki wote kwa kupepeta, na mnunuzi akiusikia kwenye meno anakata bei ya gunia zima.