4x4 kwenye theluji: gari linaondoka vizuri, tatizo ni kusimama

Theluji ya kwanza ikishaanguka hapa Minnesota, Marekani, pita barabara kuu ya I-94 asubuhi uhesabu magari yaliyolala mtaroni. Utashangaa mangapi yameandikwa 4x4 ubavuni. Na sisi tuliojifunza usukani kwenye matope ya masika nyumbani ndio wagumu zaidi kuelewa somo hili. Uzoefu tunao, tatizo ni kwamba hapa uzoefu wenyewe unatudanganya.

"Nina foo wili, theluji itanifanya nini?"

Hii ndiyo mama wa dhana zote potofu. Foo wili, yaani mfumo wa 4x4, unapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne badala ya mawili, basi. Kazi yake ni kukuondoa: kwenye maegesho yaliyofukiwa, kwenye kilima, kwenye taa za barabarani. Ukishakanyaga breki hauna msaada tena, maana breki za magurudumu manne kila gari linazo, hata Corolla ya jirani. Utasimama wapi? Hilo ni kati ya tairi na barabara.

Piga hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, tangu breki zinaposhika, lami kavu inakusimamisha ndani ya mita 15 hivi. Theluji iliyoshindiliwa inataka karibu mita 50. Barafu tupu inakaribia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira, na hapo sijahesabu muda wa kushtuka. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali huo unakuwa mara nne.

Kuna ubaya mwingine ambao watu hawausemi. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili, likianza kuzungusha tairi bure pale kwenye taa, limeshakuonya. La 4x4 linaondoka kimya kimya, unafika kilomita 70 hujui umepanda juu ya nini. Majira yangu ya baridi ya kwanza nilipita bango la STOP mzima mzima, breki zinatetemeka chini ya kiatu na gari linaendelea na safari yake. Mama mmoja na mbwa wake walisimama kunitazama.

Mtetemo ule, kwa njia, ni ABS ikifanya kazi, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki. Wazee watakwambia upige breki kwa kuachia na kukanyaga. Walikuwa sahihi kwa magari yao. Gari lenye ABS unalikanyaga kwa nguvu na kushikilia, huku unageuza usukani kukwepa. Usitegemee tu kwamba litasimama mapema: kwenye theluji laini ABS inaweza hata kurefusha umbali. Inachokupa ni usukani unaotii.

"Tairi ni tairi, mradi si kipara."

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, weka hapa. Mpira wa tairi za kawaida za misimu yote huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi za baridi zimetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na zina vijimkato vyembamba vingi vinavyong'ata theluji na barafu. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji kwa Kiingereza) pekee zinahusu mchoro wa tairi tu. Na zile tairi pana za matope, zenye meno makubwa yanayopendeza kwenye picha, kwenye barafu mara nyingi ni za aibu: meno ni makubwa, vijimkato hakuna. Funga zote nne, si mbili. Kagari kadogo kenye tairi za baridi kanasimama kabla ya jipu kubwa lisilo nazo, na uzito wa jipu haulisaidii kitu.

Upepo nao: hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua, kwa hiyo pima tairi zikiwa baridi. Kuutoa makusudi kama tufanyavyo mchangani kunafaa kwenye theluji ya kina, nje ya barabara, mwendo wa taratibu. Waaisilandi huvuka barafu za milimani hivyo. Barabarani unajitafutia gari linaloyumba.

"Usiachie mafuta, utakwama."

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, haya ni maneno ya hekima. Kwenye barafu ni tiketi ya mtaroni. Hapa kila kitu ni pole pole: mafuta, breki, usukani. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukigeuza usukani na gari likaenda moja kwa moja, achia mafuta taratibu na urudishe usukani kidogo hadi tairi zishike. Nyuma ikitupwa, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko.

"Washa foo wili Novemba, zima Aprili."

Inategemea gari. Subaru au Prado imetengenezwa kusukuma kwa magurudumu yote muda wote. Lakini pickup nyingi na Land Cruiser za mfululizo wa 70, ukiwasha foo wili, zinafunga akseli ya mbele na ya nyuma pamoja, na kwenye kona akseli hizo haziendi umbali sawa. Kwenye lami iliyokauka mfumo unakazana hadi kitu kivunjike. Kufunga difu ya nyuma kwenye barabara yenye barafu iliyoinama upande ni kosa jingine: tairi zote mbili zinazunguka pamoja, na mkia wa gari unateremka kuelekea mtaroni.

"Baridi ikizidi, utelezi unazidi."

Mara nyingi ni kinyume. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ina utando wa maji juu yake. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inashika kidogo zaidi. Ila hapo chumvi ya barabarani imeshachoka, maana chini ya nyuzi 9 hasi hivi inayeyusha kwa shida. Na madaraja huganda kwanza, kwani baridi inayapiga juu na chini.

"Nikikwama, nitakaa ndani niwashe hita."

Kaa ndani, ndiyo, usitembee kwenye dhoruba. Lakini kabla ya kuwasha injini shuka na koleo ufukue bomba la moshi. Likizibwa na theluji, kaboni monoksaidi inarudi ndani, na haina harufu. Washa kama dakika 10 kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo, na kila mara kabla ya kuwasha tena shuka ukaliangalie bomba.