“Mtoto ni wangu, nitaamua mwenyewe”: dhana potofu kuhusu shule tunazozisikia Tabora

Januari huku kwetu Urambo ni mwezi wa kubanana. Kidato cha kwanza kimefungua, na shambani majani ya chini ya tumbaku yameanza kuiva yanataka kuchumwa. Fedha bado ziko mbali, mpaka masoko ya chama cha msingi, ushirika wa wakulima, yafunguliwe. Nafundisha darasa la saba, na mengi ya maneno haya nimeambiwa nikiwa nimesimama mlangoni pa bani la kukaushia tumbaku, moshi ukinitoa machozi.

“Mtoto ni wangu, kusoma au kutosoma naamua mimi.”

Mtoto ni wako, hilo halina ubishi. Lakini kumsomesha si hiari. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaja elimu kuwa haki ya mtoto mwenyewe. Sera ya elimu toleo la 2023 imekwenda mbele zaidi: elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza, watamaliza la sita mwaka 2027.

“Mwambie aandike ovyo mtihani, mambo yaishe.”

Hili la mtoto kufeli makusudi mtihani wa darasa la saba ili asiende sekondari ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio. Karatasi ya hisabati ya binti mmoja, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote, ilikuwa na jibu A kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho wa yale ya kuchagua. Nikamwita pembeni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, maana jana yake alishinda akishona majani kwenye fito. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, baba ameniambia nianze kuzoea.”

Alikuwa anafanya mazoezi ya kufeli.

Jioni nilikwenda kwao. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alinivutia kigoda, akaagiza niletewe maji. “Mwalimu, mchumba ameshajitokeza,” akasema, “na mahari yake itanilipia deni la mbolea.” Nikamweleza anachojitafutia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Ridhaa ya mzazi haibadilishi kitu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ilikubaliana na Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Tulizungumza mpaka moto wa bani ukaongezwa kuni mara mbili. Mtihani wenyewe binti aliufanya kwa akili zake zote.

“Mtoto akishapangiwa shule, mzazi huna la kufanya.”

Unalo. Uhamisho upo: unaandika barua kwa mkuu wa shule, shule unayoitaka inathibitisha kuwa ina nafasi, na taarifa za mtoto zinahamishwa kwenye mfumo kwa namba yake ya PReM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi. Kwa waliomaliza kidato cha nne, TAMISEMI hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform ili waliokwisha kuona matokeo yao wabadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Hapo ndipo uamuzi mzito ulipo, na hapo ndipo wazazi wengi hatuonekani. Watoto wanakwenda steshenari peke yao, na kijana wa kompyuta ndiye anayewashauri wachague nini. Kaa na mwanao kabla hajabonyeza.

“Elimu ni bila ada, kwa hiyo sisi hatuna sauti.”

Ada iliondolewa Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita. Sauti yako haikuondolewa. Kamati ya shule ina wajumbe wanaotokana na wazazi; nenda kikaoni, uliza ruzuku ya serikali imetumikaje. Na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Wapo pia wanaoamini kwamba asiyesoma ingilishi midiamu hakusoma. Hofu ya lugha naielewa, kwani kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza ni mlima kweli. Lakini Mwalimu Nyerere alitoka shule ya msingi Mwisenge, Musoma, akaja hapa Tabora School mwaka 1937, na zote ni shule za serikali. Kabla ya kuuza ng'ombe ulipe ada ya ingilishi midiamu, kagua kwanza madaftari ya mtoto huko aliko.

“Aliyepata mimba, shule basi.”

Ilikuwa hivyo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Jirani yangu alibaki na mjukuu nyumbani, binti yake akarudi darasani na sketi ileile ya zamani, imefumuliwa ubavuni ikaongezwa kitambaa.