Mpox mjini Goma: kosa la wakati wa corona tusilirudie

Swali: Mpox ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa virusi vya jamaa moja na vya ndui. Siku 3 hadi 21 baada ya kuambukizwa, mtu hupata homa, maumivu ya mwili na uvimbe wa tezi, kisha vipele vinavyojaa usaha. Aina mpya iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Swali: Wakati wa corona tulinawa mikono na kuvaa barakoa. Je, hayo hayatoshi?

Kunawa kunasaidia sana. Lakini Mpox huenea hasa kwa ngozi kugusana, kwa kujamiiana na kwa kulalia shuka za mgonjwa, mambo ambayo barakoa haiyazuii. Lililotuponza mwaka 2020 halikuwa uhaba wa ndoo za kunawia, bali ni watu kuficha homa kwa kuogopa kutengwa, hata wakafikishwa hospitalini pumzi ikiwa imewaishia, baada ya kuambukiza nyumba nzima.

Swali: Nikipata vipele, siwezi kukaa nyumbani mpaka vikauke?

Hapana. Kipele kilichokauka bado kinaambukiza, mpaka gamba lidondoke na ngozi mpya iote chini yake, jambo linaloweza kuchukua wiki 2 hadi 4. Mama anayerudi kuuza samaki Birere kwa sababu vipele "vimekauka" anarudi na ugonjwa sokoni.

Swali: Na kama ni karuho, yaani sumu ya kulogwa?

Sisi wahudumu wa afya tunaliheshimu kila jibu la familia, ila hili limetuchosha. Mgonjwa hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji kutapishwa sumu, kisha famasi kununua dawa ya kupaka, kisha kwenye maombi. Kwetu kituoni anafika mwisho, akiwa na mtoto wa miaka miwili aliyejaa vipele hadi machoni. Hapana, usianzie huko. Anzia kituo cha afya, siku ileile vipele vinapotokea, hata kama unaamini umelogwa, kwa maana kipimo hakimzuii mtu kuomba.

Swali: Kuwahi kunawafaidi nini wale ninaoishi nao?

Chanjo ikitolewa ndani ya siku 4 tangu mtu agusane na mgonjwa, inaweza kumkinga asiugue. Ukijificha wiki moja, umewanyima wanao siku hizo 4. Vijana ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa chanjo ya ndui, iliyowakinga wazee kwa kiasi, ilikoma kutolewa karibu na mwaka 1980.

Swali: Nifikeje kituoni bila kuambukiza wengine?

Vaa nguo za mikono mirefu zinazofunika vipele, na barakoa pia. Usibanane na wengine kwenye moto (pikipiki), watu watatu kiti kimoja kama tulivyozoea. Mtume ndugu amwite mhudumu wa afya wa mtaa wako, naye atawaelekeza. Shuka zako ziache nyumbani, wala mtu mwingine asizilalie kabla hazijafuliwa.