Kwa nini piano haiwezi kupiga Rast?

Kaa kwenye piano ujaribu kufuatisha wimbo wa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri. Mara nyingi kuna noti utaitafuta usiipate. Ukibonyeza kibao hiki, sauti iko juu kidogo. Ukibonyeza cha jirani, iko chini. Yenyewe imelala katikati, pasipo na kibao.

Piano imegawa oktava (kutoka do hadi do ya juu yake) sehemu 12 zilizo sawa. Waarabu wana sauti zaidi ya hizo, nao huzipanga katika maqam: ngazi ya noti yenye kituo chake na njia zake za kupanda na kushuka. Katika maqam ya Rast unaanza do, re, halafu unafika mi ambayo si mi ya piano wala si ile iliyoshushwa nusu. Iko baina yao. Bayati inaanzia re, na hatua ya pili tu unakutana na mi ya namna hiyo. Si maqam zote zenye mkasa huu, maana Nahawandi inapigika kwenye piano bila taabu.

Sauti hii si ya jana. Katika karne ya 8, Baghdad ilikuwa na mpiga udi aitwaye Mansur Zalzal, aliyesifika kwa mahali alipobana uzi kwa kidole cha kati. Mwanafalsafa Al-Farabi, alipoandika hesabu za udi karne ya 10, alipataja mahali hapo kwa jina la wusta ya Zalzal. (Wusta ndicho kidole cha kati; wastani yetu ni ya shina hilohilo.)

Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu, mtunzi wa Hungaria Béla Bartók akiwamo. Wakabishana: oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, kila moja robo ya hatua nzima? Kwenye karatasi inafaa, na ndivyo watu wanavyoandika hadi leo. Sikio lakini halikubali. Mi ya Bayati kwa kawaida hukaa chini kidogo ya mi ya Rast, na Rast ya Aleppo, Syria, huwa na mi ya juu kidogo kuliko ya Cairo. Mimi naona robo ni jina la kurahisisha tu.

Udi hauna shida, kwa kuwa shingo yake haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kinasogea kitakapo. Fidla vilevile. Kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, ndiyo ya kutazamwa: kushoto, chini ya nyuzi, kuna safu za vijiti vidogo vya chuma. Mpigaji akitaka kubadili maqam katikati ya wimbo, mkono wa kushoto unaacha nyuzi, unainua au kulaza kijiti, urefu wa uzi unabadilika kidogo, kisha unarudi kazini kabla hujatambua.

Katika taarab ya Zanzibar kanuni hukaa pamoja na kodiani, chombo chenye sauti 12 tu kama piano. Kikundi kikitaka Bayati halisi, mpiga kodiani itabidi aivuke mi ile kimyakimya.