Kontena kwenye klasta: kuta za Apptainer, mita za Slurm

"Kaka, kontena lako linanidanganya."

Aliyesema hivyo ni mwanafunzi wa uzamili, na kusema kweli alikuwa na haki ya kulalamika. Yeye na mwenzake walikuwa wakichambua data ileile ya vinasaba vya mbu, kwa faili lilelile la kontena, kwenye klasta ileile ninayoitunza, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja. Mwenzake anapata majibu, yeye anapata kosa la NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python. Na sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba kontena halibadiliki, popote utakapolipeleka.

Kontena si kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya kubwa. Ni programu ya kawaida ya Linux, ila imewekewa mipaka ya inachokiona na inachokitumia. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ni moja kwa wote. Ni kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana chumba na kitasa chake, lakini paa ni moja na waya wa umeme unaoingia ni mmoja. Kuta za Linux ndizo nemspesi, zinazokufanya uone mafaili yako na michakato yako tu. Mita ndizo sigrupu, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia Linux 2.6.24 mwaka 2008. Hizo hupima CPU na memori, na kukata ukizidisha. Ukuta hauna habari na mita. Chumba kinaweza kuwa na ukuta wa zege, na bado mpangaji akachomeka pasi mbili na jiko hadi nyumba nzima ikawa giza.

Docker, programu ya kuendesha kontena iliyotoka mwaka 2013, iliviweka vyote viwili, ukuta na mita, nyuma ya amri moja, na nadhani ndiyo maana watu huvichanganya. Kwenye klasta yetu hatuna Docker. Kwa kawaida huduma yake huendeshwa kwa mamlaka ya ruti, msimamizi mkuu wa mashine, na anayeweza kuiamuru anaweza kujifungulia diski nzima ya mashine. Ni kumpa mpangaji funguo za mwenye nyumba. Tunatumia Apptainer, ambayo ilianza kwa jina la Singularity mwaka 2015 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, ikabadili jina ilipojiunga na Linux Foundation mwaka 2021. Humo ndani unabaki kuwa wewe yuleyule, na ruhusa zako zilezile. Kontena lenyewe ni faili moja la .sif, la kusomwa tu.

Sasa, Apptainer ina mlango ambao watu hawauoni: bila kuombwa, inakufungulia saraka yako ya nyumbani ndani ya kontena. Ni hisani, maana data yako iko huko. Lakini Python hutazama ~/.local, saraka iliyo humo nyumbani, kabla ya maktaba za mfumo, na mwanafunzi wangu aliwahi kuweka NumPy huko miezi mingi nyuma, kwa toleo lilelile la Python lililomo kwenye kontena. Kontena lilikuwa likisoma NumPy ya nyumbani na kuiacha ya kwake.

Dawa ni `--containall`, inayofunga mlango huo, kisha unafungua kwa `--bind` saraka unazozihitaji tu. Usisahau saraka ya matokeo! Ukitumia `--containall`, nyumbani na /tmp huwa sehemu ndogo za muda ndani ya memori. Ukiandika huko, kontena likifunga majibu yamekwenda nalo.

Upande wa mita ni kazi ya Slurm, programu inayogawa kazi kwenye klasta, si ya Apptainer. Ukiomba `--cpus-per-task=4 --mem=16G`, kwetu sigrupu ndiyo inayokubana. Tatizo ni kwamba programu haijui imebanwa. `os.cpu_count()` ya Python huhesabu kori (vitengo vya CPU) zote za nodi, yaani kompyuta moja ya klasta, ikakuta 64, ikaanzisha wafanyakazi 64 wagombanie kori 4, kila mmoja na nakala yake ya data. Memori ikijaa, kerneli inaua. Utaona namba 137, yaani 128 kujumlisha ishara ya 9, ile ya kuua. Watu huja kwangu na 137 wakisema kontena limeharibika, kumbe ni mita imekata. Ili kujua kori mlizopewa, someni `$SLURM_CPUS_PER_TASK`, au `len(os.sched_getaffinity(0))`. Nimeshabandika karatasi ukutani na bado naulizwa.

Tulirudia kazi ya yule mwanafunzi kwa `--containall`. Kosa la NumPy likaondoka, likaja jingine: pysam, maktaba ya kusoma data za vinasaba, haipo. Akampigia mwenzake, naye ajaribu hivyohivyo. Ikagoma pia. Kumbe kontena halijawahi kuwa na pysam. Wote wawili walikuwa wakiitoa nyumbani, kila mmoja na toleo lake, na yale majibu mazuri ya mwenzake yalitoka huko.

Tumeiongeza pysam kwenye faili la maelekezo ya kujenga kontena, pamoja na namba ya toleo, tukajenga .sif upya. Mwenzake anarudia uchambuzi wote tangu mwanzo, na nasikia hanisemi vizuri.