Siku ya mia na kumi si tarehe

Tuseme hifadhi ya masimulizi ina kanda ya 1965. Mkulima wa Unguja anasema mahindi ya vuli hupandwa "siku ya mia na kumi". Ukiitoa kanda hiyo kwa umma hivyo hivyo, umewapotosha watu, ingawa mzee hakukosea.

Siku hiyo haihesabiwi toka Januari. Huhesabiwa toka siku ya mwaka, Nairuzi, ile ambayo siku hizi Makunduchi huiadhimisha Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwaka huo una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za juu yake. Hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Toka 1965 hadi 2025, tarehe 29 Februari imepita mara 15. Anayepanda leo kwa hesabu ile ametangulia siku 15, na mbegu zitaliwa na kuku kabla vuli haijanyesha.

Maneno ya msimulizi siyagusi. Kwenye kadi ya kanda naandika alichosema, tarehe ya kurekodi, na tarehe niliyoikokotoa kwa mwaka ule, ikiwa na alama kwamba ni yangu. Kisha naipekua kanda kutafuta dalili: upepo uligeuka upande gani, mti gani ulichanua. Dalili naitanguliza mbele ya namba, maana upepo na maua havihesabu miaka mirefu.

Bamvua, maji makubwa ya bahari, nayo ina mtego wake. Mvuvi huhesabu toka mwezi ulipoandama, kalenda ya wanafalaki huhesabu toka mwezi mpya ambao bado hauonekani. Tofauti yaweza kuwa siku moja au mbili.

Kwa mimea, jina halitoshi. Mwarobaini wa huyu ni mkilifi wa yule. Nataka tawi lenye ua au tunda, likaushwe katikati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku, lipewe namba ile ile ya kanda. Majani matupu mara nyingi hayautambulishi mmea hata kwa wataalamu wa hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Vipimo vya dawa za kunywa sivitoi hadharani: "konzi moja" ni ya mkono wa nani, ya majani mabichi au makavu?

Rekodi mama ni faili la sauti isiyobanwa, WAV ya kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya mono hufika megabaiti 500 hivi, na hakuna atakayeimalizia bando lake. Ya kusambaza naikata vipande vya dakika mbili tatu, MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kama megabaiti moja na kitu. Kikishaingia WhatsApp kinatembea chenyewe, kadi inabaki nyuma. Ndiyo maana lebo huitwa kwa sauti, sekunde kumi za mwanzo, ndani ya faili lenyewe: "Unguja, 1965. Hesabu ya siku ni ya mwaka huo. Kwa 2025 ongeza siku 15."